Bei ya Kufukuza

Desemba iliyopita niliitwa Rongai kwenye sherehe ya Alvin, mtoto wa dada yangu, ya kutoka jandoni. Aliyenipigia simu ni babu yake, Mzee Kirui, ambaye huongea kwa simu kama mtu anayeita ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. "Mjomba lazima aonekane!" Nikamwambia nitaonekana, kisha nikauliza ni watu wangapi watakula, kwa sababu mimi huhesabu kila kitu mara mbili: mara ya kwanza nijue ni ngapi, mara ya pili nijue nani amegusa. Nilifika saa nne asubuhi na kreti mbili za soda. Nikaingizwa sebuleni, nikapewa kiti cha mgeni, kile chenye kitambaa kilichopigwa pasi, na hapo ndipo nilipoiona. Ilikuwa dirishani: cherehani yangu ya miguu, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika ubavuni mahali nilipokuwa nikiegemeza kiwiko. Juu yake waliweka televisheni. Mkanda ulikuwa umekatika, na mtu fulani alijaribu kuuunga kwa kamba ya gunia akakata tamaa katikati ya fundo. Nilikunywa chai yangu nikitazama mpira ukichezwa juu ya cherehani yangu, na mpaka leo sijui ni nani alikuwa akimfunga nani. Akili yangu ilikuwa Kaptembwo, Nakuru, mwaka ule wa korona shule zilipofungwa, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, sina mke, sina mtoto, na chini ya paa langu kuna wavulana wawili.

Dada yangu Wambui aliwaleta Jumapili moja, akaondoka Jumanne kwenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Mpango ulikuwa mwepesi kubeba. Alvin, mwenye miaka tisa, angeshinda shule. Baraka, mwenye minne, angeshinda nasari. Mimi ningewaona jioni tu, tule, tulale. Wiki haikuisha shule zikafungwa, na soko la mitumba nilikokuwa nikiuza likafungwa nalo. Baba yao, Kibet, alikuwa utingo wa lori, na lori lilimuua huko chini ya Salgaa miaka miwili kabla. Alikufa bila kumlipia Wambui mahari, kwa hivyo kwa hesabu ya wazee wa pande zote mbili, watoto walikuwa wa kwetu mpaka mtu aje kusema vingine. Kwetu maana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati, futi kumi kwa kumi. Nilikipima tena siku hiyo nikidhani labda nilikosea mara ya kwanza. Kitanda kimoja, jiko la mafuta, meza, cherehani karibu na mlango ili ipate mwanga, na nyuma ya mlango bale moja la nguo ambalo sikuwahi kulionyesha mtu.

Hilo bale lilikuwa aibu yangu. Liliandikwa suruali za watoto, nikalinunua bila kupenyeza mkono ndani nipapase, mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu, na nilipolikata kamba nikakuta mapazia. Mapazia matupu ya wazungu, yenye maua makubwa kama sahani, ya buluu, ya machungwa, ya rangi ya maharagwe. Hakuna mtu Kaptembwo mwenye dirisha la kutosha pazia kama hilo. Lakini wavulana wawili wakikaa ndani wiki tatu bila shule, wakishamaliza kupigana, kulia na kuchora ukuta kwa mkaa, mtu mzima huangalia kila kitu ndani ya nyumba kwa macho ya kuombaomba. Nikalivuta bale katikati ya chumba nikawaambia, "Haya. Hii ndiyo shule." Alvin akalitazama. "Anko, hii ni mapazia." "Ndiyo ujue umeshajifunza kitu."

Nilijua kushona kwa sababu ya biashara tu: kubadilisha zipu, kurudisha kifungo, kupunguza kiuno cha suruali ili mteja asiwe na sababu ya kukataa. Sikuwa fundi. Lakini nilikuwa na chupa ya vifungo vilivyodondoka sokoni kwa miaka kumi, na hiyo chupa ikawa hesabu. Kifungo cha shati kina matundu manne, cha koti mara nyingi mawili. Nilimwekea Alvin vifungo saba vya shati mezani nikamuuliza tutapitisha uzi mara ngapi kama kila tundu linapitiwa mara moja. Alihesabu kwa kidole, akakosea, akahesabu tena, akakasirika. Baada ya miezi miwili alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza, tena kwa dharau. Cherehani ndiyo iliyotusumbua. Alvin mguu wake ulifika kwenye pedali, lakini akikanyaga hawezi kuona sindano. Ni Baraka aliyetatua. Siku moja aliingia chini ya meza ya cherehani akiwinda kifungo, akashika pedali kwa mikono miwili akaisukuma, gurudumu likazunguka. Tangu siku hiyo wakawa watu wawili wa mashine moja. Juu kuna dereva, chini kuna injini. "Injini, washa!" "Imewaka!" "Injini, pole pole, kuna kona!" Na injini, kama injini nyingine zote, ilizima ikisikia njaa.

Majirani walikuwa na maoni. Kuta za mabati hazina siri, na kwenye mfereji wa maji, hatua sita kutoka mlango wangu, Mama Shiru aliyeuza chapati na maharagwe alikuwa akiwaeleza wapangaji wengine habari zangu nikiwa ndani ninazisikia. "Huyo Ndegwa amefungua chuo cha mapazia," alisema asubuhi moja. Mwanamke mwingine akauliza, "Na si ni wavulana? Anawafundisha sindano?" "Afanye nini? Awafundishe kuvuta bangi?" "Lakini si angeoa kwanza." "Aoe na nini, mapazia?" Wakacheka mpaka ndoo ikafurika. Kuanzia hapo jina langu kwenye ploti likawa Baba Mapazia, na nililipokea, kwa sababu mwenye kuniita hivyo pia alinipa chapati ya jana bila kuuliza nitalipa lini.

Na kuna siku Mama Shiru alikuja mbio. Nilikuwa nimemaliza kuhesabu vifungo jioni, kama kawaida, kabla ya kufunika chupa. Mara ya kwanza nikapata themanini na sita. Mara ya pili themanini na tano. Nikawaangalia wavulana. Alvin akamwangalia Baraka. Baraka akanitazama kwa utulivu wa mtu asiyeweza kupumua vizuri upande mmoja. Kifungo kilikuwa puani. Nilijaribu kukitoa kwa kibano, kikaingia zaidi. Nikapiga kelele. Mama Shiru akaingia na unga mikononi, akaniambia nitoke njiani, akanyunyiza pilipili manga kwenye kiganja, akambana mtoto tundu lile jingine la pua. Baraka akapiga chafya tatu. Ya tatu ikatoa kifungo, kikagonga sufuria. "Chukua hesabu yako," Mama Shiru akaniambia. Akiwa mlangoni akaongeza, "Umejua kwa kuhesabu ama kwa kumwangalia?" Nikasema kwa kuhesabu. Akatikisa kichwa. "Siku moja jaribu kumwangalia."

Kazi yetu kubwa mwaka huo ilikuwa ramani ya Nakuru, ya kushona. Ilianza na pazia la buluu ambalo Alvin alisema ni ziwa. Tukakata ziwa, tukalishonea kwenye pazia la rangi ya maharagwe. Mlima Menengai tukaujaza vitambaa ndani ukatokeza kama nundu. Barabara kubwa ilikuwa utepe mweusi wa zipu, na Alvin akaweka malori juu yake, akayashona moja moja kwa mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma niliomfundisha, ule usiofumuka. Kulikuwa na malori tisa. Nilihesabu. Hakuna hata moja alilolipitisha Salgaa. Yote yalikuwa yanarudi Nakuru. Nilikuwa mtu wa kupata la kusema sokoni, mtaani, kwa askari wa kanjo, lakini pale nilishika makasi tu nikakata uzi uliokuwa umeshakatwa. Kisha Baraka akauliza mama yuko wapi hapo. Ilibidi tutafute pazia la pili tuliunganishe, kwa sababu la kwanza halikutosha, na katikati tukaweka bahari, na ng'ambo ya bahari kitambaa cha machungwa, na kwenye kitambaa hicho kifungo kimoja chekundu. Hicho ndicho kilikuwa Wambui. Wambui alikuwa amepiga simu mara mbili tu. Tangu mwezi wa nne hakupiga tena, na namba yake haikuingia. Nilisikia kutoka kwa watu kwamba matajiri wa kule hushika simu za wafanyakazi. Nilijiambia ni hilo tu. Nilijiambia mara mbili.

Mwezi wa nane Mzee Kirui akaja. Sikumjua vizuri, nilimwona kwenye mazishi ya Kibet, amesimama kama mti ambao wamekata tawi lake la pekee. Alikuja na dumu la maziwa na gunia la mahindi nusu, akaketi kitandani kwa sababu hakukuwa na kiti cha pili, akashika kofia magotini. Alimwangalia Alvin kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Masikio ni ya Kibet," alisema hatimaye. Akamgeukia Baraka. "Na huyu ni miguu." Nilimpa chai ya maziwa yake mwenyewe. Tulizungumza habari za mvua. Kisha Alvin, ambaye hakuwa ameonyesha mtu yeyote ramani isipokuwa Mama Shiru, akaishusha kutoka ukutani akaitandaza mapajani mwa mzee. Mzee akaifuata kwa kidole kigumu, kutoka ziwani mpaka barabarani, akayapita malori moja moja. Kidole kikafika mwisho wa utepe kikasimama. "Na kwangu ni wapi?" akauliza.

Hapakuwepo. Hatukuwa tumefikiria. Alvin akaona haya, na mzee hakumlaumu, akaanza tu kueleza: hapa kuna shamba la mahindi, hapa zamani ilikuwa nyumba ya mzungu, sasa tunaweka mbolea, hapa kuna ghala, hapa ng'ombe wanne, mmoja mjinga. "Mjinga kivipi?" Baraka akauliza. "Hunywa maji akiangalia nyuma, kama mtu mwenye deni." Baraka akacheka mpaka akaanguka. Nilimjua huyo mtoto, hakuwa akicheka hivyo na watu. Kabla mzee hajamaliza kikombe cha pili, injini ilikuwa chini, dereva yuko juu, na Rongai inashonwa kwa kitambaa cha kijani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika birika. Nimeuza nguo miaka mingi na ninajua ile hali mteja akishika kitu akaanza kukikunja kama ambaye tayari amekinunua.

Alirudi mwezi wa tisa, na safari hii alikuja na ndugu yake kama shahidi, kwa hivyo nikajua ni maneno mazito. Hakuzunguka sana. Alisema Kibet alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume, kwamba ataleta mahari ya marehemu kwetu kwa mila, mbuzi na ng'ombe kama wazee watakavyopanga, na anaomba wavulana wakakae kwake. Sasa, sokoni kuna nguo ambayo huiuzi. Labda koti ulilojiwekea mwenyewe. Mteja akilishika humwambii "siuzi", kwa sababu ataenda kusema una maringo. Unamtajia bei ya kufukuza. Bei ambayo akiisikia anacheka, analitupa, anaenda zake, na hakuna aliyemkasirikia mwenzake. Kwa miaka kumi bei hiyo haikuwahi kuniangusha. Basi sikumwambia Mzee Kirui hapana. Nilimwonea huruma, na nikamwogopa kidogo, nikatafuta bei.

"Mzee," nikamwambia, "mimi sina shida. Lakini mambo ni matatu. La kwanza, kila mtoto kitanda chake. La pili, wamezoea kushona, ndiyo shule yao. Wawe na cherehani yao, iwekwe dirishani. La tatu, mama yao aseme kwa mdomo wake, na mimi nikisikia."

Niliyapanga vizuri. La kwanza lilikuwa la heshima, la pili la kuchosha, la tatu ndilo lilikuwa kufuli. Nilijua simu ya Wambui haiingii. Nililijua hilo nikiwa ninalitamka. Nimewahi kufanya mambo mengine ya aibu mjini hapa, lakini siku hiyo nilichukua ukimya wa dada yangu, ambao ulikuwa unanikosesha usingizi, nikautumia kama bawabu. Mzee aliyahesabu kwa vidole. "Matatu?" "Matatu." Akamtazama ndugu yake, akanitazama mimi, akavaa kofia. "Sawa," akasema. Hakupunguza hata moja. Mtu akikubali bei ya kwanza, mmoja kati yenu ni mjinga, na nilipowasindikiza mpaka mferejini nilianza kuogopa kujua ni nani.

Alvin alikuwa chini ya meza muda wote akimsaidia Baraka kuipaka cherehani mafuta, na alisikia yote matatu.

Kufikia hapo chakula kilikuwa kimekuwa kazi ya akili. Soko lilifunguliwa nusu, wateja hawakurudi hata robo. Tulishona maski kutoka kwa yale mapazia, wavulana wawili na mimi, tukauza chache kwa watu wasiojali kuwa na ua kubwa juu ya mdomo. Asubuhi uji, mchana hakuna jina, jioni chapati mbili za Mama Shiru na maharagwe kwenye bakuli moja. Niliwaambia wavulana nimekula kwa Mama Shiru. Mama Shiru akinikaribisha nilimwambia nimekula nyumbani. Ulikuwa mpango mzuri, una pande mbili na pande zote zimefungwa. Nilisahau kwamba ndani ya nyumba nilikuwa nimemfundisha mtu kuhesabu mara mbili.

Simu ilikuja mwezi wa kumi na moja, mchana, namba ndefu nisiyoijua. Nilikuwa ninapitisha uzi kwenye sindano. "Ndegwa? Ni mimi." Niliiacha sindano ikaanguka. "Uko sawa?" "Niko. Hii simu ni ya rafiki yangu, niko na dakika kidogo. Watoto?" Nikaweka sauti kubwa, nikaweka simu mezani, na Baraka akaikimbilia akapiga kelele ndani yake kama babu yake, "Mami! Tumekushona!" Wambui akacheka, kisha ikasikika kama hacheki. Akamuuliza Alvin kama anasoma. Alvin akasema anasoma, anajua mpaka mara kumi na mbili. Kisha akanigeukia. "Anko, muulize ile ya tatu."

"Ya tatu gani?"

"Ile uliambia Babu."

"Ni nini hiyo?" Wambui akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza kama unavyomwonyesha mteja shati lenye doa, ukiligeuza geuza ili doa liwe upande wako. Nikasema mzee ni mtu mzuri lakini ni mbali, kwamba watoto wamezoea hapa, kwamba shule zitafunguliwa tu, kwamba hakuna haraka. Wambui akanikatiza.

"Huko kuna maziwa?"

"Yapo."

"Na wewe unawalisha nini?"

"Wanakula, Wambui. Hawajalala njaa hata siku moja." Na hiyo ilikuwa kweli, ningeapa.

"Tunanunua chapati mbili," Alvin akasema, akiwa ameinamia simu. Hakuwa ananishtaki. Alisema kama mtu anayetoa jibu la swali. "Anko anasema amekula kwa Mama Shiru. Mimi nilimuuliza Mama Shiru. Anko hajakula kwake tangu tuanze kushona maski."

Nilitazama mlango. Mlangoni hakukuwa na kitu. Wambui akavuta pumzi, nikamsikia anamwambia mtu kwa Kiarabu kidogo alichojifunza asubiri, asubiri. Kisha akasema, "Waende, Ndegwa. Waende wakanywe maziwa." Nikasema, "Tungengoja kidogo, mambo yatafunguka." Akasema, "Umefanya ya kutosha, na usinikasirikie." Simu ikakatika yenyewe. Nilipiga tena namba ile mara mbili. Mwanamke nisiyemjua akapokea akasema Wambui amerudi ndani kwa bosi.

Sikumwambia Mzee Kirui. Niandike tu ukweli, kwa kuwa hakuna atakayenirudishia siku zile: nilikaa na jibu la dada yangu wiki tatu kama mtu anayekalia pochi aliyoiokota. Nilijiambia mtandao ulikuwa mbaya, huenda hakusema "waende", huenda alisema "waende shule". Kisha mzee akapiga simu nikiwa mferejini, na Alvin akaipokea. Niliporudi na ndoo, aliniambia, "Babu anakuja Jumamosi. Nimemwambia mama alisema sawa." Kisha akaniangalia usoni kuona kama amekosea. Nikamwambia hajakosea. Ningemwambia nini kingine? Miezi yote ile nilikuwa nimemfundisha kwamba neno la biashara ni neno.

Mzee alikuja na pikapu ya mpwa wake, kabla ya saa tatu. Alikuwa amevaa koti la mazishi. Hakutaka chai. "Kijana," akaniambia, akabaki amesimama, "vitanda nimetengeneza mimi mwenyewe, viwili, vya mbao za sipresi. Mama yao nimeambiwa amekubali. Lakini la pili limenishinda. Cherehani nimetafuta Rongai, nimetafuta mpaka Salgaa, ya kuuzwa hakuna. Nilikupa neno na sijalitimiza. Ukisema hapana leo, nitarudi nyumbani, na sitakuwa na ubaya na wewe." Akashika kofia yake kwa mikono miwili, akangoja.

Nilikuwa nimeshinda. Nataka mtu aelewe hivyo. Bei ilikuwa haijatimia, mteja mwenyewe amekubali haijatimia, na nilikuwa na neno moja tu la kusema, ambalo ndilo nililitaka tangu mwezi wa tisa. Mama Shiru alikuwa amesimama nje na mwiko mkononi, amesahau chapati kwenye kikaango. Nikamwangalia Alvin. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka, viatu vya shule miguuni, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili. Alikuwa amevivaa tangu tulipoamka. Vilikuwa vimembana, vidole vilitokeza kwenye ngozi kama maharagwe guniani, na miezi yote ile sikuwa nimeona kwamba mtoto amekua, kwa sababu nyumbani hakuvivaa na mimi sikuwa na viatu vingine vya kumpa. Alikuwa akinitazama bila kuomba kitu, wala hili wala lile. Angekubali lolote ningesema. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza.

"Ipakieni hii," nikasema, nikaonyesha cherehani.

Mzee akashtuka. "Na wewe utashonea nini?"

"Mkono."

Tuliibeba watu watatu, tukaiweka nyuma ya pikapu, tukaikinga na mapazia. Alvin akakunja ramani mwenyewe. Alinipa mkono, akaniambia asante Anko, kama mtu mzima anayetoka kazini. Baraka ndiye hakuelewa. Alikuwa amefurahi tangu aone gari, akaingia mbele, akaketi katikati, akapiga kiti kwa kiganja, "Anko, ingia. Anko, kuna nafasi." Nikamwambia ninakuja na gari ya nyuma. Akageuka kuangalia dirisha la nyuma, kuitafuta. Hakukuwa na gari ya nyuma.

Mama Shiru aliniletea chapati jioni hiyo akaniambia kula nikikuona. Nilikula akiniona. Wambui alirudi kutoka Saudia baada ya miaka miwili na akapanda gari ya Rongai bila kulala Nakuru, kwa sababu watoto wako huko. Bado yuko huko, ana duka dogo, wazee walimpa sehemu ya shamba. Kwa hesabu ya mtu yeyote mambo yalienda vizuri. Mimi nilinunua cherehani nyingine, ya umeme, nilipopata nguvu. Huwa ninaambiwa nilifanya jambo jema, na huwa ninakubali, kwa sababu sikumbuki mahali hasa nilipolifanya. Ninakumbuka nikitafuta njia ya kutolifanya, na njia zikiisha moja moja.

Siku ya sherehe, alasiri, baada ya wazee kuongea na mimi kuongea kama mjomba, maneno machache yasiyo na makosa, Alvin alikuja kunisalimia. Ana miaka kumi na minne, sauti imevunjika, aliinamisha kichwa kama alivyofunzwa. Nyuma yake alikuja Baraka, ana tisa sasa, na sahani yangu ya nyama. Hakwenda. Alisimama akinikagua.

"Eti ni ukweli tuliwahi kuishi kwako?"

"Ni ukweli."

"Nakuru?"

"Kaptembwo. Wewe hukumbuki?"

Akafikiria kwa adabu, kwa ajili yangu. "Hapana," akasema. "Tulikaa sana?"

"Mwaka mmoja," nikamwambia.

"Miezi tisa, Anko," Alvin akasema, polepole, kama mtu asiyetaka kumuaibisha mkubwa mbele ya watu. "Ilikuwa Machi mpaka Desemba."

Niliweka sahani magotini nikahesabu kwa vidole. Kisha nikahesabu tena. Ilikuwa tisa. Ile mitatu iliyobaki kutimiza mwaka nilikaa peke yangu kwenye chumba kile, na mpaka siku hiyo sikuwa nimejua kwamba haihesabiwi.